Maisha ya Dada Salome, Mwenyewe Akiwapo

Siku tarumbeta zilipopigwa juu ya paa la ukumbi kutangaza kifo cha Benigna Raschke, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Benigna kunyamaza wakati watu wanazungumza habari zake. Kwetu Gnadenbrunn kila kundi lina wimbo wake wa msiba. Wajane wana wao, wake wana wao, vijana wana wao, hata mtu aliye shambani anachimba viazi akisikia tu anajua ni upande gani umepungukiwa kabla hajaambiwa jina. Asubuhi ile ulipigwa wimbo wa wajane. Salome Tschirner aliusikia akiwa dirishani, katika chumba walichokaa yeye na Benigna kwenye Nyumba ya Wajane, na kikombe cha Benigna kikiwa bado mezani hakijaoshwa.

Walikuwa mawifi. Mume wa Salome, Mungu amrehemu, alikuwa kaka yake Benigna, na walipofiwa na waume zao wakapewa chumba kimoja, na tangu hapo hawakuacha kugombana. Waligombania dirisha, lifunguliwe au lifungwe. Waligombania kahawa, maana kahawa ya Nyumba ya Wajane ni nyepesi mpaka unaona kitako cha kikombe, na Benigna alitaka kila mara achotewe ya chini ya birika. Benigna alikuwa mwanamke wa sauti na machozi. Kwenye ibada alianza kulia ubeti wa pili wa kila wimbo, hakosi, na ukumbi mzima ulishamzoea. Salome yeye alikaa pembeni yake macho makavu, kofia yake nyeupe imenyooka, anaimba sauti ya pili. Watu walisema mmoja ni maji na mwingine ni mtungi, na Salome alikuwa akikereka kimoyomoyo kwa sababu mtungi hauna kitu chake mwenyewe.

Sasa, kwetu mtu hazikwi bila maisha yake kusomwa. Siyo ule wasifu wa kuokotezwa na wajukuu usiku wa kuamkia mazishi. Mwenyewe anauandika angali hai: namna alivyosafiri na Mwokozi, wapi alijikwaa, wapi alishikwa mkono. Anaukunja, anautia kwenye bahasha, anaufunga kwa lakiri na kumkabidhi mchungaji. Ndani haandiki jina lake wala la mumewe. Jina liko juu ya bahasha tu. Siku ya mazishi mchungaji anasoma kwanza yaliyo kwenye rejista, kuzaliwa, kuolewa na watoto, kisha anavunja lakiri na marehemu anajisemea. Baadaye maneno yale yananakiliwa kwa mwandiko safi, nakala moja inakaa kwenye kabati kubwa nyuma ya ukumbi, na nyingine inapelekwa kwa washirika wenzetu, mpaka ng'ambo ya bahari. Kwenye kabati lile wamo wote, tangu wale waliovuka milima kwa miguu wakikimbia mateso, watoto mgongoni. Sisi hatuna ufalme wala vita tulivyoshinda. Tuna kabati.

Na mnakili wa kabati hilo, tangu alipokuwa msichana, alikuwa Salome. Mwandiko wake ulikuwa wa kutamanika na hakuwahi kukosea, jambo ambalo hakulisema lakini alipenda lisemwe. Basi maisha ya watu yalipita mikononi mwake, na kwa kweli yalifanana. Mtu akiwa na miaka kumi na minne hivi, au ishirini kama ni mzito, yuko bustanini au kitandani anaumwa, au mvua inanyesha, mara anaguswa na Mwokozi. Joto linamjaa moyoni. Analia. Kuanzia hapo anajua yeye ni wa nani. Salome aliyanakili yote hayo kwa herufi nzuri, na siri yake aliyoificha kama kidonda ni kwamba yeye hakuwahi kuguswa hata siku moja.

Alingoja. Alipokuwa msichana alingoja kwa hamu, alipoolewa akangoja kwa aibu, alipokuwa mjane akachoka kungoja lakini akaendelea kuja. Aliogopa jambo moja tu, kwamba ikijulikana wataona kumbe walikuwa na mtu wa nje ndani yao miaka yote, anakula nao skonzi ukumbini kwenye karamu ya upendo na kupokea Meza ya Bwana kama mtu aliyealikwa. Hakuogopa kufukuzwa, maana kwetu hatufukuzi watu hivyo. Aliogopa kuhurumiwa.

Vuli iliyopita akaja mchungaji mpya, Ndugu Lauterbach, kijana mwembamba mwenye masikio ya kusimama, anapenda mambo yawe kwenye mstari. Alipofungua sanduku la bahasha aliona wajane kadhaa hawajaleta maisha yao, akatangaza ukumbini kwamba anazisubiri. Benigna hakuwa ameandika kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Salome hakuwa ameandika kwa sababu tunayoijua.

Benigna akasema yeye atasema, wifi aandike. Wakakaa mezani mchana kutwa. Benigna alisimulia, akalia, akaomba kahawa, akasimulia tena, na Salome akaandika neno kwa neno kwa sababu ndivyo kazi yake ilivyokuwa, na kila Benigna alipotaka kurudi nyuma kurekebisha alimwambia aache kuuchezea uzi uliokwisha kushonwa. Kesho yake, Benigna alipokwenda kuota jua uani, Salome alichukua karatasi ya aina ileile akaandika ya kwake. Aliandika kwa mkupuo, hakufuta kitu. Mara Benigna akaingia kutafuta miwani, ambayo ilikuwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Salome akaikunja haraka, ikalala mezani pamoja na ile ya jana, akatia moja huku na nyingine kule, akayeyusha lakiri, akaandika majina juu. Wakazipeleka pamoja kwa mchungaji, wakishikana mikono kwa ajili ya utelezi, na Salome akahisi ametua gunia. Atakaposomwa atakuwa chini ya jiwe lake kwenye Shamba la Mungu, ndivyo tunavyoyaita makaburi yetu, na huko huruma za watu hazimfiki mtu.

Mazishi ya Benigna yalikuwa Ijumaa. Ukumbi ulijaa, wanaume upande wao, wanawake upande wao, kuta nyeupe, mabenchi meupe. Binti yake Benigna, Adelheid, alikuwa amekuja kwa treni kutoka mjini pamoja na mumewe. Alikaa mbele, mama mtu mzima mwenye watoto wakubwa, uso umevimba. Pembeni ya Salome, mahali pa Benigna, palikuwa wazi, na ulipoimbwa ubeti wa pili watu wengine waligeuka kutazama pale kwa mazoea. Hapo ndipo Salome alipoumia kweli. Alitamani aingiwe na kelele ile sikioni mara moja tu tena.

Ndugu Lauterbach alisoma ya rejista. Dada yetu Benigna, mzaliwa wa Tschirner, mke wa marehemu Ndugu Raschke mtengeneza ngozi, mama wa mtoto mmoja aliye hai na wawili waliotangulia. Kisha akavunja lakiri, akakunjua karatasi, akakohoa. Salome alijiandaa kusikia habari za bustani ya mapeasi, maana ndivyo Benigna alivyoanza.

"Mimi sikuwahi kuguswa," alisoma Ndugu Lauterbach.

Alisimama hapo, akaitazama karatasi, akageuza nyuma, akarudi mbele. Salome hakuelewa kwa muda wa pumzi moja. Kisha alielewa kwamba ni ya kwake. Kijana yule wa watu, kwa kuwa alifundishwa kwamba maneno ya marehemu hayakatizwi, akaendelea.

"Wenzangu wa umri wangu waliguswa majira yale ya masika, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilishikwa na mafua. Nikaambiwa ningoje, nikangoja. Kila niliposikia mtu akisema juu ya joto moyoni nilijishika kifuani nione kama na mimi ninalo. Nilikuta kifungo cha gauni. Sikusema kwa mtu, na hili ndilo kosa langu, kwamba nililinyamazia watu wakadhani na mimi ninalo. Nimeomba. Sijajibiwa kwa namna ninayoweza kuwaambia. Lakini sikuondoka. Kila asubuhi nimesoma Neno la Siku kabla ya kahawa. Wagonjwa nimewaogesha. Nyimbo nimeziimba zote, na nilipokuwa sizisadiki niliimba ili aliye pembeni yangu asipotee sauti. Sijui kama hiyo ni imani. Kama siyo, basi Mwokozi anajua inaitwaje, naye namwachia aipe jina. Mimi nilikuja kila siku, na mlango mliuacha wazi. Ahsanteni."

Hayo ndiyo yalikuwa yote. Ndugu Lauterbach alikunja karatasi taratibu. Salome alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama vidole vyake, anangoja aone nani atamnyooshea kidole. Hakunyooshewa na mtu. Wote walikuwa wanalitazama jeneza.

Kisha upande wa wanaume mtu akaanza kulia. Alikuwa Ndugu Hasse, fundi wa saa, mpiga tarumbeta wa pili, mzee ambaye hatujawahi kumwona analia hata alipomzika mkewe. Alilia wazi bila leso, na walipomshika bega alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu.

Kwenye kahawa baada ya kutoka makaburini, keki ya sukari ikapita, na maneno yakaanza kumwagika. Mke wa mhunzi alisema naye, kwa kusema kweli, alichukua joto lake kutoka kwenye maisha ya dada mwingine, maana aliona aibu kuandika kwamba halikuja. Mwingine akasema lake lilikuja likaondoka. Ndugu Hasse alisema miaka yote alidhani ni yeye peke yake, na sasa kumbe hata Benigna, Benigna yule wa machozi, na kama Benigna alikuwa hivyo basi yeye atalala usingizi leo. Salome alikaa katikati yao na birika mkononi, akimwaga kahawa kwenye vikombe vilivyojaa tayari. Mzigo ulikuwa umetoka, umesemwa mbele ya wote, na hakuna aliyemhurumia. Alisikia wepesi ambao hakuwahi kuusikia, na juu ya wepesi huo, niseme ukweli, kijiwivu. Maneno yalikuwa yake na sifa zinakwenda kwa Benigna. Hata kufa Benigna alikuwa amemzidi.

Lakini Dada Christiane Wendt, mjane wa chumba cha pili, mwenye ulimi wa kukata mkate, alikuwa amenuna. "Mimi simshangai aliyekauka," alisema kwa sauti ya kusikika. "Namshangaa aliyekuwa analia. Sasa yale machozi yalikuwa ya nini? Maigizo? Alikuwa akinishika mkono nilie naye, na mimi nalia kweli, kumbe mwenzangu anaukagua ukumbi."

Salome aligeuka akamwona Adelheid amesimama nyuma ya Dada Wendt na sahani ya keki ambayo hajaigusa. Uso wake ulikuwa umekufa ganzi. Aliiweka sahani dirishani akatoka nje peke yake.

Kabla watu hawajatawanyika Ndugu Lauterbach alimkabidhi Salome ile karatasi, kama kawaida, ainakili. Alimwambia anataka nakala mbili mwanzo wa wiki, na kwamba tayari watu watatu wamemwomba waisome tena. Hakuona ajabu mwandiko kuwa wa Salome kwa sababu alijua Benigna alikuwa anaandikiwa. Salome akaipokea kazi yake mwenyewe akaitia mfukoni.

Jumamosi asubuhi alinoa kalamu, akaweka karatasi mbili mbele yake, akaandika juu kabisa jina la Benigna Raschke. Alikaa hapo mpaka wino ukakauka. Ilikuwa rahisi sana. Siri yake ingekaa kabatini mpaka mwisho wa dunia ikiwa na jina la mtu mwingine, na ile bahasha nyingine, siku yake ikifika, itamfanya Salome Tschirner awe mwanamke aliyeguswa chini ya mpeasi. Angeingia kabatini akiwa kama wenzake wote. Nani angeumia?

Nyuma yake Adelheid alikuwa anatoa nguo za mama yake kwenye saraka, anazikunja moja moja kimya kimya. Alikuwa amefika kwenye leso. Benigna alikuwa na leso nyingi kuliko mtu yeyote Gnadenbrunn.

"Shangazi," alisema Adelheid, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni ingawa Salome ni mkaza mjomba wake. "Wewe umekaa naye. Nambie tu. Nilipokuwa mdogo, ndugu zangu walipokufa, alikuwa akikaa kitandani kwangu ananiambia anamsikia Mwokozi chumbani. Mimi nililala kwa maneno hayo. Alikuwa ananidanganya?"

Salome aliitazama karatasi. Alikuwa amewahi kunakili maisha ya mashujaa, waliofungwa, waliopigwa, waliofia visiwa vya mbali, na mara nyingi alijiuliza yeye angefanya nini. Sasa alitakiwa kufungua mdomo tu, na aliona afadhali afungwe.

"Hakukudanganya," alisema. "Weka hizo leso chini, mwanangu. Yale yaliyosomwa jana siyo ya mama yako. Ni ya kwangu."

Adelheid aliziweka leso chini, isipokuwa moja.

"Niliandika ya kwake na ya kwangu siku mbili mfululizo, nikazichanganya karatasi kwenye bahasha. Mimi. Mtu nisiyekosea. Mama yako aliguswa, tena aliguswa mpaka ikawa kero, na machozi yake yote yalikuwa ya kweli, mimi ndiye niliyelowa bega. Aliyekauka ni mimi."

Adelheid alikaa kitandani ghafla, juu ya nguo alizozikunja. Mwanzo alificha uso kwa mikono, na Salome akadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini katikati ya kilio kikapita kicheko, kicheko cha Benigna kabisa, cha kuanzia tumboni. "Yaani Shangazi," alisema akijifuta kwa leso ya mama yake, "umekaa pale pembeni unasikiliza mazishi yako?"

"Nilisikiliza. Kijana anasoma vizuri, ila anameza mwisho wa sentensi."

Walikwenda kwa Ndugu Lauterbach pamoja, Adelheid amemshika mkono kwa ajili ya utelezi. Mchungaji alisikiliza, masikio yakawa mekundu, akalileta sanduku na kutoa bahasha yenye jina la Salome Tschirner. Alisita kuivunja lakiri, akasema hajui kama kuna utaratibu wa kufungua maisha ya mtu aliye hai. Salome akamwambia yake yameshafunguliwa tayari, hayo ni ya marehemu, aendelee. Ndani, mstari wa kwanza, palikuwa na bustani ya mapeasi. Adelheid aliisoma akiwa amesimama, na alipomaliza alimbusu Salome kwenye kofia.

Ndugu Lauterbach, kwa kuwa anapenda mambo yawe kwenye mstari, ilibidi awaambie wazee wa ushirika, na wazee wakakutana jioni ileile. Salome alingoja chumbani na koti amelivaa, kama mtu anayengoja treni. Yaliyosemwa huko tuliyajua wote kabla ya chakula cha usiku, kwa sababu Ndugu Hasse alikuwamo na hana siri. Mzee mmoja alisema kwa nia njema kabisa kwamba pengine Dada Salome apumzike kidogo Meza ya Bwana mpaka aongee na mchungaji kwa kirefu. Ndugu Hasse akamwuliza kama watapumzishwa wote wasiosikia kitu, au Dada Salome peke yake. Kama ni wote, akasema, basi yeye arudishe tarumbeta kesho, na wampate mwingine wa sauti ya pili, tena wasimtafute kwa mhunzi maana na mke wa mhunzi ataondoka. Mzee yule akatazama meza. Inasemekana naye alifikiri kidogo. Hoja ikaachwa hapo.

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji akawaeleza watu kosa lilivyotokea. Alisema kwa maneno machache, na Salome alisimama mahali pake kwenye benchi la wajane ili wasimtafute. Watu wote waligeuka. Aliona nyuso alizoziogopa maisha yake yote, na hakuona hata moja ya kumhurumia. Mke wa mhunzi alikuwa anamwitikia kwa kichwa. Dada Wendt alimtazama kutoka kofia mpaka viatu, kisha akasogea kwenye benchi, akakaa mahali pa Benigna palipokuwa wazi, bega kwa bega naye.

"Kaa chini," alinong'ona. "Umetuliza watu wote kwa gharama ya wifi yako. Benigna angefurahi, alipenda kuazima watu vitu."

Kisha yakasomwa maisha ya Benigna yenyewe. Mpeasi ukaja, na umri wa miaka kumi na minne, na kwamba alilia mpaka mama yake akadhani ameumwa na nyuki. Watoto waliokufa wakaja, na sauti chumbani, na hapo Adelheid aliinua uso. Yalikuwa marefu na yenye kujirudia, kwa sababu Salome hakukata neno. Karibu na mwisho Ndugu Lauterbach alisoma hivi:

"Wifi yangu anayeniandikia haya amekunja uso. Andika na hilo, Salome. Hapendi machozi. Watu wananiuliza mbona mimi nalia mno kwenye nyimbo. Nalia ya wawili. Yeye anashika sauti nisipotee, mimi nalia, hatudaiani."

Salome alikuwa ameyaandika maneno hayo kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi nzuri, na siku ile aliona ni utani wa Benigna kama ule wa kahawa. Alikuwa hata ameguna. Sasa aliyasikia yakisomwa mbele ya watu wanaojua, akaelewa kwamba Benigna alijua. Alijua miaka yote, akalala kitanda cha pili, akagombania dirisha, na hakumhurumia hata dakika moja. Salome aliweka mkono kifuani kwa mazoea. Kifungo kilikuwapo palepale, na alianza kucheka, kimya kimya, mabega yakitikisika, mpaka Dada Wendt akampa leso akidhani analia. Aliipokea, maana kwa wakati ule hata mwenyewe hakuwa na hakika.

Wiki ile mchungaji aliandika shajara ya ushirika, ile inayopelekwa kwa washirika wenzetu wote wajue tumefika wapi na safari yetu. Alimletea Salome ainakili, akasimama mlangoni anazungusha kofia yake. Alisema ameandika yaliyotokea kwa sababu yametokea, lakini kama Dada anaona vibaya yasomwe ng'ambo, mistari ile miwili anaweza kuiruka na yeye hatauliza.

Salome alimwambia kwamba hajawahi kuruka mstari. Akafungua dirisha, ambalo sasa hapakuwa na wa kumkataza, akakaa kidogo, kisha akalifunga jinsi Benigna alivyopenda. Alichovya kalamu na kunakili, kwa herufi zake zilezile za kutamanika, nakala baada ya nakala:

"Ijumaa tulimzika Dada Benigna Raschke, na Jumapili yakasomwa maisha yake. Ijumaa hiyohiyo, kwa makosa, yalisomwa maisha ya Dada Salome Tschirner, mwenyewe akiwapo. Yu mzima, na bado anakuja."